Shimo moja la taka limetuulia mbuzi

SWALI: Tunaishi Dongobesh, wilayani Mbulu. Taka zote tunamwaga shimo moja, Jumamosi tunachoma. Juzi mbuzi alikufa. Kumpasua, tumboni tukakuta bonge la plastiki. Tufanyeje?

JIBU: Poleni. Kosa ni kuchanganya taka. Mfuko uliobeba chumvi au ugali hunukia chakula. Mbuzi anaumeza, haumeng'enyeki, na mnyama anakonda huku tumbo limejaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine bado tunavyo tele.

Tenganisheni taka, mkianza na vinavyooza, maana ndivyo vingi: maganda ya viazi, mabua, magunzi yaliyopondwa. Pangeni tabaka kwa tabaka na samadi, nyunyizeni maji, funikeni kwa nyasi. Chomekeni fimbo katikati. Baada ya siku tano ichomoeni: ikiwa na joto, lundo linafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji na samadi. Baridi ya Mbulu, kama ile ya miinuko ya Hanang, hukawiza mboji, kwa hiyo subirini miezi mitatu au minne kabla ya kuipeleka kwenye vitunguu saumu.

Chupa na vyuma vitieni kwenye kiroba, mkitundike mbuzi asikofika, mpaka apite mnunuzi wa chakavu. Betri zisiingie kwenye mboji wala chooni.

Na kama mnawashia jiko kwa plastiki, acheni leo hii: moshi wake ni sumu, na wanaouvuta ni watoto waliokaa mekoni.