Udongo wa Kutia Vyunguni

Mti uliopandwa shambani ukikosa maji mahali pamoja hupeleka mizizi yake mahali pengine. Mti uliopandwa chunguni hauna ruhusa hiyo. Hula kile tu ulichotiliwa, na hunywa pale pale ulipofungiwa. Kwa hiyo kila atakaye kukuza mche wa mchungwa, au wa nyanya, au wa kahawa, katika chungu, kopo au kiriba, na ajifunze kwanza habari za udongo wake. Mche ukifa kabla ya masika, mvua itakuta hapana cha kupanda, na mwaka umekwenda bure.

Wengi hudhani kwamba udongo ulio mwema shambani utakuwa mwema chunguni pia. Sivyo. Shambani udongo wa juu umeungana na udongo wa chini, nao huyavuta maji yashuke mbali. Chunguni udongo umekatika. Maji yakifika chini husimama. Hata yale yaliyozidi yakiisha kutoka tunduni, sehemu ya chini hubaki imejaa maji. Na mizizi huhitaji hewa kama sisi tuihitajivyo; ikikaa majini siku nyingi huoza.

Twaa sifongo, uilowanishe sana, kisha uilaze kiganjani hata iache kudondosha maji. Sasa uisimamishe kwa upande wake mrefu. Tazama, maji yanadondoka tena! Hukuikamua, umeongeza kimo chake tu. Ndivyo ilivyo kwa vyungu: chungu kirefu hutoa maji kuliko chungu kifupi, ijapokuwa udongo ni ule ule.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kujaza vigae au kokoto chini ya chungu haina faida ambayo watu huihesabu. Maji hushikwa katika nafasi ndogo ndogo za udongo, wala hayashuki katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake umejaa kabisa. Basi kokoto huyainua tu maji yaliyosimama, yakawa karibu zaidi na mizizi. Kigae kimoja juu ya tundu, ili udongo usimwagike, chatosha. Wako watunza bustani wazee ambao hawatapenda kusikia neno hili. Nao na waijaribu sifongo.

Dawa, basi, haiko chini ya chungu, bali katika udongo wenyewe. Shika udongo uliolowa kidogo, uufinye mkononi. Ukisambaa mara moja, una mchanga mwingi. Ukishikamana kama donge la mfinyanzi, ukang'aa ukiusugua kwa kidole, una kinamo kingi. Ule ushikamanao, kisha ukavunjika kwa kuguswa, ndio tuutakao. Ukitaka kuona kwa macho, tia udongo katika chupa ya maji, uitikise sana, uiweke mahali isipoguswa. Mchanga utashuka upesi. Udongo laini utafuata kwa muda wa saa kadhaa. Lakini chembe za kinamo huweza kuelea siku nzima na zaidi.

Kipimo kimoja kifaacho ni hiki: makarai matatu ya udongo mweusi wa juu, mawili ya samadi iliyooza, na moja la mchanga wa mto. Udongo wako ukiwa na kinamo, zidisha mchanga. Ukiwa wa kichanga, acha mchanga, uzidishe samadi. Kipimo si sheria.

Katika miaka ya 1930, huko Uingereza, watunza bustani walikuwa na mchanganyiko wa namna nyingi, kila ua na wake. Katika chuo cha John Innes, karibu na London, miche mingi iliharibika, na wataalamu wawili, William Lawrence na John Newell, wakaanza kutafuta sababu kwa kupima na kujaribu. Wakaona kwamba mchanganyiko mmoja waweza kufaa mimea mingi: sehemu 7 za udongo, 3 za mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu, na 2 za mchanga mnene, pamoja na mbolea kidogo. Udongo waliupasha kwanza kwa mvuke, ili kuua viini vya magonjwa.

Jambo hilo la kupasha tunaweza kulifanya hata sisi, pamoja na mwalimu. Mara nyingi mche mdogo hunyauka shingoni, ukaanguka. Hiyo ni kazi ya ukungu ulio udongoni. Wako pia minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huivimbisha mizizi. Tia udongo wenye unyevu katika debe, ulifunike, uliweke juu ya moto mdogo, na katikati ufukie kiazi. Kiazi kikiiva, ondoa debe. Usizidishe moto, maana udongo uliopashwa mno hutoa vitu vinavyodhuru mizizi michanga. Samadi na mchanga uvitie baadaye, udongo ukiisha kupoa.

Samadi mbichi huunguza. Iliyo tayari haina joto, haina harufu kali, nayo huvunjika mkononi kama udongo.

Wa pwani na wajihadhari na chumvi. Mchanga wa ufukoni haufai. Vumbi la makumbi ya nazi ni zuri sana, kwa kuwa hushika maji na hewa pamoja. Lakini makumbi yale yaliyofukiwa katika matope ya bahari ili kupata usumba yamekunywa chumvi. Vumbi lake lioshwe kwa maji matamu mara kadhaa, mpaka maji yanayotoka hayana ladha ya chumvi.

Ukijaza chungu, udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Kigonge chungu chini mara mbili tatu ili udongo ukae. Usiushindilie kwa ngumi. Acha nafasi ya upana wa vidole viwili juu, maji yapate mahali pa kusimama kabla ya kunywewa.

Maswali. Kwa nini mizizi huoza katika maji yaliyosimama? Kopo refu na kopo fupi yakitiwa udongo mmoja, lipi litabaki na maji mengi karibu na mizizi? Leta udongo wa kwenu katika chupa, tuuonyeshe darasani.