Kupakia Mashua juu ya Tela

Kutoka Same hata pwani ni mbali, walakini nchi ya Upare haikosi vyombo vya majini. Upande wa magharibi liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 ili kuzuia maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Mashariki ya Upare Kaskazini liko Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Na katika wilaya ya Same yenyewe liko bwawa la Kalemawe. Mtu akinunua mashua Tanga au Pangani, hana budi kuileta kwa barabara ya Segera, Korogwe na Mombo, kisha kushika njia za vumbi na mawe. Chombo kilichotoka pwani kizima chaweza kufika kimelegea mbao bila mtu kujua, na habari hiyo hujulikana siku kivujapo katikati ya maji, kikiwa na watu wasiojua kuogelea. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jinsi ya kuitengeneza tela ili ilingane na mashua.

Mashua ikiwa majini huchukuliwa na maji kila mahali sawasawa, kama godoro limchukuavyo mgonjwa. Ikiwa juu ya tela, uzito wake wote huangukia mahali pachache. Basi neno la kwanza ni hili: uzito na uchukuliwe na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, wala si na mbavu. Mbao za tela zishikazo ubavuni kazi yake ni kuzuia mashua isilale upande tu. Tumeona watu wengi wakizikaza mbao hizo kwa nguvu mpaka mkuku ukaning'inia, nao wakafurahi kwamba mashua haitikisiki. Kumbe mbao nyembamba za ubavu ndizo zinazobeba mzigo wote, na kila shimo la njia ni pigo la nyundo juu yake.

Kupima si kazi ngumu. Simama kando ya tela, uiname, utazame kati ya mkuku na rola zilizo chini yake. Mahali uonapo mwanga, hapo mashua haikukaa. Iinue kidogo kwa jeki, weka magogo imara chini yake (mtu asiingie chini ya chombo kilichoshikwa na jeki peke yake), legeza bolti, pandisha rola hata iguse, ukaze tena. Mkuku ukiisha kukaa, ndipo mbao za ubavuni zisogezwe, ziguse kwa upole mahali penye mataruma ndani. Zivike zulia kuukuu.

Tezi litazamwe zaidi, hasa ikiwa mashine imetundikwa huko. Rola ya mwisho na iwe chini ya tezi kabisa. Likitokeza nyuma bila kitu cha kulichukua, uzito wa mashine hulivuta chini, na mkuku huanza kupinda.

Mwaka 1915 Waingereza walipeleka mashua 2 za vita, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa futi 40, kutoka Cape Town hata Ziwa Tanganyika. Kutoka Fungurume katika Kongo zilikokotwa na mashine za mvuke na makundi ya ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kila moja imelazwa katika kitanda chake. Mwezi wa Desemba ziliingizwa ziwani, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka manowari ya Kijerumani Kingani. Mashua zilizopindika njiani zisingaliweza kazi hiyo.

Sasa mizani. Uzito uangukiao ndoano ya gari uwe kati ya sehemu 5 na 10 katika kila 100 za uzito wa tela na mashua pamoja. Vyote vikiwa kilo 600, basi ni kilo 30 hata 60. Mizani ya kupimia mahindi yatosha. Ukipungua, tela huyumba katika mteremko hata kulipindua gari. Ukizidi, gari huinua pua, na usukani hauitikii vema. Ni afadhali kusogeza ekseli kuliko kusogeza mashua, kwani mashua ikisogea, tezi nalo huiacha rola yake.

Omo lifungwe kwa mnyororo, wala usiutegemee waya wa winchi peke yake. Tezi lifungwe kwa mikanda. Chombo cha mbao kifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, maana jua la tambarare ya Same hukausha mbao na kuachanisha maungo.

Baada ya kilomita 10 simama, kaza mikanda, uguse vitovu vya magurudumu. Ukifika bwawani navyo vikiwa moto, ngoja vipoe kabla ya kuishusha tela majini, kwani kitovu cha moto kikipoa ghafula hufyonza maji ndani, na beringi huliwa na kutu.