Dondoo muhimu: Picha mbaya kwenye deki ya DVD

Kabla ya kulaumu deki, angalia waya. Ule wa njano ndio unaobeba picha. Mwekundu na mweupe ni wa sauti tu. Wa njano ukilegea, picha hucheza au hupotea kabisa.

Picha ikitoka bila rangi au ikipandapanda, mara nyingi ni mfumo: diski ya NTSC ya Marekani kwenye televisheni isiyoujua. Ingia kwenye mipangilio ya deki, chagua PAL.

Picha ikikatika vipande vipande, futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Diski zote zikigoma, mara nyingi shida ni lenzi. Hapa kwetu Yangambi ni msitu na Mto Kongo, na unyevu wake hauna huruma kwa lenzi, kwa hiyo usiiweke deki sakafuni.

Diski moja yenye filamu nane? Usitarajie miujiza. DVD ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7 tu, filamu zikibanwa humo, ukungu wa picha hauondoki hata kwa deki ya bei ghali.

Unanunua? Kwa mwenye sola, deki ya volti 12 ni bora kuliko ya volti 220 inayodai inveta. Diski nyingi za Ufaransa ni za kanda 2, nasi Kongo tuko kanda 5: tafuta deki inayosoma kanda zote. Na ukiifuata Kisangani, kilomita 100 hivi kutoka Yangambi, iwashwe mbele yako kwa diski yako mwenyewe kabla hujatoa pesa.