Mtafiti Akifika Dikoni: Maswali ya Watu wa Pwani Kuhusu Utafiti wa Matumbawe na Maisha

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, watafiti hufika vijijini na madikoni wakiwa na maswali mengi. Huuliza habari za samaki, lakini huuliza pia habari za nyumba, mikopo, vikundi na mipango ya familia. Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya wavuvi, wakulima wa mwani, wachuuzi wa samaki na kila mkazi wa pwani, ili kila mmoja ajue anaulizwa nini, kwa nini anaulizwa, na haki zake ni zipi.

Utafiti wenyewe

Kama kinachochunguzwa ni matumbawe, kwa nini tunaulizwa habari za maisha yetu?

Hali ya mwamba hutegemea bahari, na hutegemea pia maamuzi ya watu wanaoutumia. Utafiti wa sayansi za jamii, yaani uchunguzi wa namna watu wanavyoishi, wanavyopata riziki na wanavyoamua mambo yao, hueleza yale ambayo mzamiaji hawezi kuyaona chini ya maji. Bila maelezo hayo, sheria na miradi hutungwa kwa kukisia.

Matumbawe ni mawe au ni viumbe hai?

Ni wanyama wadogo sana wanaoishi kwa makundi na kujijengea nyumba za chokaa, ndiyo maana mtu akiyaona huyadhani mawe. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo huwapa chakula na rangi. Miamba ya matumbawe imefunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea katika sehemu fulani ya maisha yao.

Kwa nini matumbawe hugeuka meupe? Wapo wanaosema kuna dawa imemwagwa.

Hofu hiyo inaeleweka, kwa sababu sumu na maji machafu huweza kweli kudhuru mwamba wa mahali pamoja. Lakini weupe unapoonekana pwani nzima katika msimu mmoja, chanzo chake ni joto: maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi 1 hivi kwa wiki kadhaa, matumbawe huitoa ile mimea midogo na kubaki meupe. Hali hii huitwa kupauka. Mwaka 1998, wakati wa El Niño ambayo mvua zake bado zinakumbukwa, sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilikufa. Upaukaji mkubwa ulirudi mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kuwa dunia imeingia katika tukio la nne la aina hiyo. Tumbawe lililopauka bado halijafa, na maji yakipoa mapema linaweza kupona.

"Kuhimili mabadiliko ya tabianchi" maana yake ni nini?

Ni kubadili namna ya kuishi na kufanya kazi ili joto la bahari, mvua zisizotabirika na kupanda kwa maji visiharibu maisha ya watu. Mwaka 2018 mtafiti Joshua Cinner na wenzake walieleza kuwa uwezo huo una nguzo tano: mali, nafasi ya kubadili shughuli, ushirikiano wa jamii, maarifa, na uhuru wa kujiamulia. Ndiyo sababu utaulizwa kama una chombo chako mwenyewe, kama una kazi ya pili, kama uko katika kikundi, na kama sauti yako husikika mkutanoni.

Haki zako

Nitajuaje kuwa aliyekuja ni mtafiti wa kweli?

Mwombe kitambulisho na kibali. Kenya, leseni za utafiti hutolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Tanzania, watafiti wa kigeni hupata kibali kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali. Mtafiti anapaswa pia kujitambulisha kwa viongozi wa eneo, yaani sheha, mtendaji wa kijiji au chifu, na kwa kikundi cha usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU, au kamati ya wavuvi.

Kiongozi akishakubali, ni lazima nami nijibu?

La. Ruhusa ya kiongozi humruhusu mtafiti kuingia kijijini tu. Ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa na kuelewa, ni ya kila mtu mwenyewe. Unaweza kukataa, kuruka swali au kusimamisha mazungumzo katikati bila kutoa sababu, na hupaswi kunyimwa huduma wala msaada kwa hilo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi au mlezi inahitajika.

Nikitia sahihi au dole gumba, nitakuwa nimesaini kuuza kitu?

Fomu ya ridhaa ya utafiti huthibitisha jambo moja tu, kwamba umeelezwa na umekubali kuhojiwa. Haihamishi ardhi, chombo wala eneo la kuvulia. Hata hivyo, usitie sahihi karatasi usiyoielewa: omba usomewe yote kwa Kiswahili, na omba nakala yako uiweke. Kama hutaki kutia sahihi, uliza kama unaweza kukubali kwa mdomo mbele ya shahidi.

Majibu yangu yatafika kwa nani?

Mtafiti anatakiwa kutenganisha jina lako na majibu yako, na kutoa matokeo kwa jumla bila kumtaja mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Picha na sauti yako pia ni taarifa zako, kwa hiyo zinahitaji ridhaa.

Nikisema nimewahi kutumia juya la kokoro, nitakamatwa?

Kazi ya mtafiti si kukamata, naye ana wajibu wa kutunza siri. Lakini kabla hujajibu, muulize siri hiyo ina mipaka gani na nani ataona maandishi yake. Kama hujaridhika, liruke swali. Usitaje majina ya watu wengine, kwa sababu wao hawajatoa ridhaa.

Je, ni lazima nionyeshe mahali ninapovulia?

Si lazima. Alama za nchi kavu ambazo nahodha hupimia mwamba wake ni maarifa aliyoyasotea miaka mingi, na ramani ikichapishwa haiwezi kufichwa tena. Unaweza kutaja eneo kwa ujumla, au kukubali kwa sharti kwamba mahali hasa pasichapishwe.

Kwa nini wanataka kuzungumza na wanawake peke yao?

Wanawake wana uvuvi na biashara zao: huchokoa pweza na kuokota chaza maji yakitoka, hulima mwani, hukaanga na kuuza samaki. Akihojiwa mume tu kama mkuu wa kaya, kazi hizo hazionekani, na mpango utakaotungwa utazisahau. Mwanamke ana haki ya kuomba ahojiwe na mwanamke mwenzake, mahali pa wazi, na kwa saa isiyomvurugia kazi.

Je, kuna malipo?

Baadhi ya watafiti hurudisha nauli au hufidia muda uliopotea, wengine hawatoi kitu. Jambo hilo lielezwe kabla ya kuanza. Fedha hiyo hainunui jibu fulani, na kuandikwa katika dodoso si kuandikishwa kwa ajili ya msaada. Mtu akikutaka utoe pesa ili uingizwe kwenye utafiti, toa taarifa kwa uongozi.

Wakitaka kukodi chombo changu, nizingatie nini?

Patana bei, bima na mwenye kubeba gharama ya uharibifu kabla ya kung'oa nanga. Angalia taarifa ya hali ya hewa, hakikisha kila abiria ana jaketi okozi, na mwachie mtu wa pwani habari ya mnakokwenda na saa ya kurudi. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho: bahari ikichafuka, safari iahirishwe hata kama mtafiti ana haraka.

Wasiwasi unaosikika

Tunasikia watafiti wakija, bahari hufuata kufungwa. Ni kweli?

Dodoso halimpi mtu yeyote mamlaka ya kufunga bahari. Hifadhi ya bahari hutangazwa na Serikali kwa mujibu wa sheria; Tanzania Bara, kwa mfano, ipo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1995. Hata hivyo, matokeo ya utafiti huweza kutumika katika maamuzi kama hayo, kwa hiyo ni haki yenu kuuliza tangu mwanzo nani amegharimia utafiti na nani atayatumia.

Matokeo

Utafiti wa namna hii umewahi kuonyesha nini?

Katika vijiji vya wavuvi vya Kenya, watafiti waliwauliza wavuvi wangefanya nini kama samaki wangepungua. Walioonekana kuwa wagumu zaidi kuacha uvuvi walikuwa wa kaya maskini, kwa kuwa hawakuwa na pa kushika. Maana yake ni kwamba kumwambia mvuvi aache bahari bila kumpa njia nyingine ni kumwongezea umaskini. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2016 baada ya kulinganisha miamba zaidi ya 2,500 duniani, ulikuta maeneo 15 yenye samaki wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mengi yalikuwa na mila za kusimamia bahari na wenyeji wanaoshiriki kikamilifu.

Na kwetu kuna mifano?

Ipo. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wanakijiji walitenga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kisiwa Panza, Pemba, jamii imewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kisha kuifungua, kwa kuwa pweza hukua haraka sana. Zanzibar, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, aina ya kotonii imekuwa ikifa maji yanapopata joto, na baadhi ya wakulima wamejaribu kulima kwenye kina kirefu zaidi.

Tukitunza miamba yetu, tatizo litakwisha?

Utunzaji huipa miamba nafasi ya kupona, lakini hauwezi kuzuia joto peke yake. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi lilieleza mwaka 2018 kuwa dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na kwa nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99 yatapotea. Nchi zinazotoa moshi mwingi unaoongeza joto hilo zina wajibu wa kuupunguza, na watu wa pwani, ambao mchango wao katika joto hilo ni mdogo, wana haki ya kusaidiwa.

Watafiti huchukua majibu na hawarudi. Tufanye nini?

Malalamiko hayo yana msingi. Kabla utafiti haujaanza, kamati au BMU iandikiane na mtafiti tarehe ya mrejesho, yaani mkutano wa kuwaeleza wananchi matokeo, na uwe kwa Kiswahili. Kama ahadi imevunjwa au siri imetoka, wasiliana na taasisi iliyotajwa kwenye fomu ya ridhaa au mamlaka iliyotoa kibali. Kuhusu taarifa binafsi, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa Kenya.

Mtafiti akifika kwenu, mkaribisheni, muulizeni, kisha kila mmoja aamue mwenyewe. Tunza nakala ya fomu yako, na hudhuria mkutano wa mrejesho: hapo ndipo utakapopata nafasi ya kusahihisha kilichoandikwa kuhusu kijiji chako kabla hakijawa msingi wa sheria au mradi.