Saa Nane au Muda wa Saa Nane? Kazi ya Mwandishi wa Maelezo ya Kiufundi

Kijitabu cha pampu ya maji, karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, mwongozo wa fundi wa ndege: maandishi hayo yote yana mwandishi wake, ingawa jina lake halionekani popote. Huyo ndiye mwandishi wa maelezo ya kiufundi. Aghalabu hudhaniwa kwamba kazi yake ni kunakili tu, kwa lugha safi, maneno ya wahandisi na madaktari. Mfano mmoja wa dawa utaonyesha kuwa sivyo.

Dawa mseto ya malaria iitwayo kwa kifupi ALu ina viungo viwili. Artemetha huua vimelea vingi kwa haraka, lakini huondoka mwilini baada ya muda mfupi. Lumefantrini hukaa siku kadhaa na kumaliza vimelea vilivyosalia. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa dozi 6 katika siku 3. Dozi ya pili hufuata ile ya kwanza kwa muda wa saa 8. Zilizobaki hutolewa asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge 1 kila mara, na mtu wa kilo 35 au zaidi humeza 4.

Na ichukuliwe kwamba mwandishi ameandika hivi: “Dozi ya pili itolewe baada ya saa nane.” Kwa sarufi, sentensi hiyo haina kasoro. Lakini katika Kiswahili neno “saa” hutaja muda, na neno hilohilo hutaja wakati wa siku. Mama aliyempa mwanawe dozi ya kwanza saa 3 asubuhi aweza kufahamu kuwa dozi ya pili ni saa 8 mchana ikishapita. Atakuwa amengoja saa 5 tu, ilhali wakati uliokusudiwa ni saa 11 jioni. Aliyeanza saa 9 alasiri, akifahamu vivyo hivyo, atangoja mpaka saa 8 usiku, yaani saa 11 nzima, huku mtoto akiwa na homa.

Liko jambo la ajabu zaidi. Kwa kuwa hesabu ya saa za Kiswahili huanzia saa 12, aliyeanza dawa saa 12 asubuhi hufika saa 8 mchana baada ya muda wa saa 8 barabara. Maana zote mbili humpeleka mahali pamoja. Mwandishi akilijaribu andiko lake kwa mgonjwa huyo peke yake, ataridhika kwamba limeeleweka, kumbe kosa limejificha. Wanafunzi wa sayansi watatambua hapa hatari ya jaribio lenye kipimo kimoja tu.

Dawa ya kosa hilo si ngumu. Yafaa kuandikwa: “Hesabu muda wa saa 8 tangu mgonjwa alipomeza dozi ya kwanza,” na kuachwa nafasi ambapo mhudumu wa afya ataandika saa yenyewe. Ugumu ni kuligundua kosa, na haligunduliki mezani. Mwandishi hodari humpa msomaji karatasi, hukaa kimya, kisha hutazama anachofanya. Kuuliza “Umeelewa?” hakusaidii, kwa maana karibu kila mtu hujibu kwamba ameelewa.

Katika urubani somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing Model 299 ilianguka mara tu baada ya kuruka, kwa kuwa vifungo vya mabawa ya usukani havikufunguliwa. Rubani hakuwa mgeni wa kazi. Hatua za kukumbuka zilikuwa nyingi. Ndipo marubani wakapewa orodha fupi ya kusoma kabla ya kuruka. Baadaye, mwaka 1986, shirika la viwanda vya ndege vya Ulaya lilitoa kanuni za Kiingereza sahili kwa miongozo ya mafundi. Sentensi ya maagizo isizidi maneno 20, na neno moja libebe maana moja. Kiswahili kingenufaika na kanuni za namna hiyo, wala si kwa neno “saa” pekee.

Ama kuhusu zana, taipureta imeiachia kompyuta nafasi yake. Leo aya moja huweza kuhifadhiwa mara moja na kutumiwa katika miongozo mingi, hata kipimo kikibadilika hurekebishwa mahali pamoja tu. Lakini sehemu kubwa ya siku ya mwandishi huenda katika kusoma michoro, kufungua mashine na kumsubiri mhandisi ambaye, kwa kuwa aliiunda mwenyewe, haoni tena kinachomtatiza mgeni.

Zoezi. Andika maagizo ya kuchanganya pakiti ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini, inayohitaji lita 1 ya maji safi, kwa nyumba isiyo na chombo cha kupimia. Sentensi zisizidi 6. Mpe mwenzako pamoja na vyombo vya jikoni, usiseme neno, kisha pima maji aliyotumia kwa silinda ya maabara. Rudia kwa watu 5 wenye vyombo tofauti.