Uteuzi wa Kizibo katika Utambuzi wa Protini Zenye Fosfeti

Makala hii inaangazia hatua moja ya maabara ambayo, licha ya udogo wake, huweza kubatilisha kazi ya juma zima. Katika mbinu iitwayo Western, protini hutenganishwa ndani ya jeli kwa nguvu za umeme, kisha huhamishiwa kwenye utando wa nitroselulosi. Jina hilo, alilolitumia Burnette mwaka 1981, ni utani juu ya jina la Edwin Southern, mvumbuzi wa mbinu ya awali ya kuchunguza DNA. Anayelitafsiri kwa 'magharibi' huupoteza utani huo asipate maana yoyote.

Utando huo hunasa protini yoyote, zikiwemo kingamwili zinazotumiwa kuitafuta protini lengwa. Ndiyo sababu nafasi zilizosalia wazi huzibwa kwanza. Kitenzi 'kuziba' kinafaa hapa kuliko 'kuzuia', kwani katika jaribio lilo hilo floridi ya sodiamu huzuia vimeng'enya vinavyobandua fosfeti. Mwanafunzi akilitumia neno moja kwa kazi zote mbili, atachanganya chupa na chupa.

Kizibo kilichozoeleka ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5. Bei yake ni nafuu. Tatizo ni kaseini, protini kuu ya maziwa, ambayo yenyewe imebeba fosfeti kwenye serini zake. Kingamwili inayotafuta fosfeti huweza kuishika kaseini, filamu ikatoka nyeusi kama kaniki. Hapo ndipo hupendekezwa albumini ya damu ya ng'ombe, asilimia 3 hadi 5, katika bafa ya Trisi badala ya ile yenye fosfeti.

Hata hivyo, kanuni hiyo imekaririwa kupita kiasi. Kingamwili inayotambua fosfeti pamoja na asidi amino zilizo jirani nayo aghalabu haijali kaseini, na huweza kufanya kazi vizuri ndani ya maziwa. Albumini nayo huweza kuziba kwa udhaifu zaidi; isiposafishwa vyema, hubaki na kingamwili za ng'ombe ambazo huenda zikashikwa na kingamwili ya pili. Njia ya hakika ni kuandaa vipande viwili vya utando vyenye sampuli zile zile, kimoja kizibwe kwa maziwa, kingine kwa albumini. Aidha, katika kila kipande iwepo sampuli iliyoondolewa fosfeti kwa kimeng'enya. Mstari wa sampuli hiyo usipofifia, kingamwili inashika kitu kingine, kizibo kiwe kipi kiwacho.