Mapumziko ya Familia Yaanze kwa Kumpumzisha Mama

Leo nazungumza na mama wa Tandale anayeishi nyumba ya kupanga, ua mmoja na wapangaji kibao, choo kimoja, bomba moja. Watoto wakishalala anashika simu, anaona familia ya Ulaya imekwenda kupumzika kwenye banda la zamani la shambani lililogeuzwa nyumba. Mbele kuna ziwa, nyuma msitu, watoto wanakimbia peku kwenye majani. Anaizima simu na kujiuliza: na sisi je, lini?

Swali hilo ni halali, mdogo wangu, wala usilionee aibu. Hata mwenye kipato kidogo anachoka, na mtoto aliyezoea kuchezea uchochoroni kati ya bodaboda na mitaro anahitaji mahali pa kukimbia bila kupigiwa honi.

Mabanda yale ya Ulaya yalikuwa ya kuhifadhia nafaka na majani makavu ya mifugo. Kilimo kilipobadilika, mengi yakabaki matupu, wenyewe wakayakarabati na kuanza kupangisha wageni. Wewe unayekaa jirani na soko la nafaka la Tandale ghala unalijua vizuri, na sidhani kama ndilo lililokuvutia. Ulichotamani ni nafasi, utulivu, na watu wa nyumba moja kukaa pamoja bila kuitwa huku na huku. Hivyo vipo karibu na kwetu, tena kwa nauli ya daladala.

Ila kabla sijakwambia ni wapi, tukubaliane jambo moja. Safari nyingi za familia mama ndiye anayerudi hoi kuliko wote. Ameamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, amebeba mtoto mgongoni na kapu mkononi, amefika akapakua, akalisha, akaosha. Wenzake wamepumzika, yeye amelihamisha jiko tu. Kwa hiyo gawaneni kazi siku mbili kabla, mbele ya watoto, kila mtu asikie. Baba abebe maji na kumshika mtoto mdogo njiani. Mkubwa atunze mkeka. Chakula kiwe cha kuandaliwa usiku: mayai ya kuchemsha, chapati, mihogo, ndizi, karanga. Mkishafika, mama akae chini, wengine ndio wapakue. Mpe mumeo habari hii kwa upole na mapema, maana ukingoja mpaka umeshakasirika ataisikia kama lawama.

Sasa twende Pugu. Msitu wa Mazingira Asilia wa Pugu-Kazimzumbwi uko Kisarawe, mkoa wa Pwani, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Mnapanda magari ya Gongo la Mboto, kisha ya Kisarawe. Huu ni msitu wa asili wa pwani ulioponea chupuchupu mashoka ya wachoma mkaa, na humo bado anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, ambaye duniani kote hapatikani ila kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Mchana hamtamwona, lakini mwambie mtoto kwamba amelala juu ya miti hiyo hiyo anayopita chini yake. Utaona atakavyoanza kunyata.

Kama mlitamani maji, lipo bwawa la Minaki. Tandikeni mkeka kivulini, mle, mpige soga. Watoto wasiingie majini hata wakililia. Maji ya bwawa usiyoyajua hayana mzaha.

Kuna pia mapango ya popo, ambayo ni mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi. Jua likizama popo hutoka kwa makundi, mfululizo, mpaka mtoto anasahau kuomba simu. Wenye watoto wadogo msisubiri giza kama hamjapanga usafiri wa kurudi, na mapangoni msiingie bila mwongozaji.

Na baba naye awe na hadithi ya kusimulia. Hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha aliporudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, na mwaka 1955 akaacha ualimu ili aitumikie TANU. Mtoto anayesikia hayo kutoka kwa baba yake, wametulia chini ya mti, hayasahau kama yale aliyokariri kwa ajili ya mtihani.

Chagueni kipindi cha ukavu, Juni hadi Septemba. Likizo ya Juni inafaa sana. Masika njia za msituni zinateleza na mbu ni wengi. Vaeni viatu vya kufunika, si ndala, na nguo za mikono mirefu. Beba kanga mbili, maji ya kutosha na dawa ya mafua kama kuna mtoto anayeugua ugua. Vitu vitie kapuni, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na takataka zenu rudini nazo. Ulizia kiingilio na malipo ya mwongozaji mapema, msije mkaumbuka getini.

Hapo kwenye pesa nisikilize vizuri. Usikope kausha damu kwa ajili ya matembezi. Furaha ya siku moja isikuletee wadai mlangoni miezi mitatu, wakabeba na hilo godoro wanalolalia watoto. Nunua kibubu, kiweke mahali watoto wanakiona, waambie ni cha nini. Chenji ya sokoni inaingia, mia tano ya baba inaingia, na mtoto aliyeamua kutonunua ashikrimu leo naye atumbukize yake. Kikivunjwa, kila mmoja atajua safari ni yake.

Mkishazoea na kibubu kikinenepa, mwaka mwingine lengeni Lushoto. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar, mabasi mnayapata stendi ya Magufuli, Mbezi. Pale Irente kuna shamba la kanisa la KKKT lenye nyumba za zamani za shambani zinazolaza wageni, na wanauza mkate na jibini vya hapo hapo. Jirani upo msitu wa Magamba wenye mbega na vinyonga. Ziwa hakuna, lakini hicho ndicho kilicho karibu zaidi na ile picha uliyoiona kwenye simu. Bebeni masweta, kwani baridi ya Usambara mwezi wa Juni si ya kawaida kwa mtu wa Tandale.

Najua watakuwepo wa kukusema, kwamba mnakwenda kushangaa miti wakati kodi ya nyumba inakaribia. Kama kodi haijatimia, lipa kodi kwanza, safari isubiri. Kama imetimia, usimwombe jirani ruhusa ya kufurahi na wanao. Utoto haungoji tujenge kwanza. Kwa hiyo leo usiku, kabla hamjalala, kaa na mumeo mchague tarehe ya Juni, muiandike ukutani, na mkubaliane nani atabeba kapu. Asiwe wewe.